Kati ya mkeka na kapu la farasi: uzoefu wangu wa kubeti kihalali Kentucky

Ninaishi Louisville, katika jimbo la Kentucky nchini Marekani, na ninafanya kazi ya zamu ya usiku ghalani. Kwa miaka miwili nimetumia programu mbili za simu za kubeti kihalali, moja ya michezo na nyingine ya mbio za farasi. Sitazitaja kwa majina, kwa sababu mengi nitakayoyasema, mazuri na mabaya, yanatokana na sheria za jimbo na hesabu za mchezo wenyewe, na atakayejiunga na kampuni nyingine ya hapa atayakuta yaleyale. Ninachotaka kukieleza hasa ni tofauti iliyonichukua karibu mwaka mzima kuielewa, na ambayo sikuielewa bure: katika programu ya michezo ninacheza dhidi ya kampuni, lakini katika programu ya farasi ninacheza dhidi ya wabashiri wenzangu, na kampuni ni mshika kapu anayechukua ujira wake na kukaa pembeni.

Uhalali wenyewe ni mpya kwa upande mmoja na wa zamani kwa upande mwingine. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1992 iliyazuia majimbo mengi kuruhusu kubeti michezo, mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoifuta tarehe 14 Mei 2018. Kentucky haikuwa na haraka. Gavana Andy Beshear alitia saini sheria ya jimbo tarehe 31 Machi 2023, madirisha ya kubetia yakafunguliwa kwenye viwanja vya mbio za farasi tarehe 7 Septemba, na programu za simu zikaruhusiwa tarehe 28 mwezi huohuo. Siku hiyo ndiyo niliyojisajili. Farasi hawakuwa na haja ya kusubiri yote hayo, kwa kuwa sheria ya shirikisho ya mwaka 1978 ilikwishaweka utaratibu wa kubeti mbio za jimbo moja ukiwa katika jimbo jingine, mradi pande zinazohusika zimekubali.

Usajili wa programu ya michezo ulinisumbua kuliko nilivyotarajia. Wanataka jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa na tarakimu nne za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii, kisha mashine inalinganisha taarifa hizo na kumbukumbu zilizopo. Mimi nina majina matatu, na katika hati zangu za Kimarekani jina la babu limesogezwa likakaa mahali pa jina la ukoo, wakati benki yangu imeliacha kabisa. Mashine ilinikataa mara mbili. Nilituma picha ya kitambulisho, nikaambiwa haisomeki, nikatuma nyingine, na siku ya nne akaunti ikafunguliwa bila neno la samahani. Ndugu zetu wengi waliokuja hapa kutoka kambi za wakimbizi, ambao karatasi zao husema wote wamezaliwa tarehe 1 Januari, wamenieleza masaibu yanayofanana na hayo. Sisemi ukaguzi uondolewe, maana ndio unaowazuia watoto na wezi wa majina. Nasema tu kwamba mtu anayejisajili Jumamosi asubuhi akitumaini kuwahi mechi za Uingereza za saa nne, kwa saa za hapa, ajue kuwa huenda asiwahi.

Jambo la pili linalomshtua mgeni ni kwamba simu lazima ithibitishe mahali ulipo kila unapotaka kuweka dau la michezo. Louisville imekaa ukingoni mwa Mto Ohio, na ng'ambo ya pili ni jimbo la Indiana. Siku moja nilitembea kwa miguu juu ya daraja la Big Four hadi Jeffersonville, nikiwa nimeandaa mkeka wangu (tiketi moja ya mechi kadhaa, ambazo lazima uzipatie zote ili ulipwe), na nilipobonyeza kitufe programu ikaniambia kwamba siko Kentucky. Indiana nako kubeti ni halali, ila leseni ni nyingine na umri wa chini ni miaka 21, wakati Kentucky, nilipojisajili mwaka 2023, ulikuwa 18. Kijana mmoja wa zamu yetu alikuwa na miaka 19, kwa hiyo alipovuka daraja hilo la watembea kwa miguu aligeuka kutoka mteja kuwa mtu aliyekatazwa. Programu ya farasi haikujali chochote kati ya hayo. Niliweka dau la dola mbili nikiwa nimekaa kwenye benchi upande wa Indiana, likapokewa kama kawaida.

Nirudi kwenye hesabu, ambako ndiko penye kiini cha uzoefu wangu. Odi za Kimarekani, yaani namba zinazoonyesha dau litalipa kiasi gani, huandikwa kwa alama za kujumlisha na kutoa: -110 maana yake unaweka dola 110 ili upate faida ya dola 100, na +150 maana yake dola 100 zinakuletea faida ya dola 150. Ukienda kwenye mipangilio unaweza kuzibadili zikawa za desimali tulizozizoea nyumbani, yaani 1.91 na 2.50. Nilikitafuta kitufe hicho kwa wiki mbili.

Katika dau la kawaida la hendikapu, ambapo timu dhaifu huhesabiwa kama imeanza na pointi za ziada, kila upande huwa -110. Mtu akiweka dola 110 upande huu na dola 110 upande ule, anakuwa ametoa dola 220, na vyovyote itakavyokuwa atarudishiwa dola 210. Kampuni imebaki na dola 10, ambazo ni kama asilimia 4.5. Hayo ni makato madogo, na kwa haki kabisa niseme kwamba kwa dau moja moja programu ya michezo ni nafuu kuliko ya farasi. Lakini ni nani anayeweka dau moja moja? Ukurasa wa mbele umejaa mikeka. Ukichagua timu moja, programu inakuletea nyingine tatu za kuongezea, na bonasi nilizopewa zilikuwa na masharti yanayonielekeza kwenye mkeka. Hapa ndipo nilipokaa na kikokotoo. Mkeka wa mechi nne za 1.91 hulipa takriban 13.3 kwa kila dola, wakati uwezekano wa kupatia zote nne, iwapo kila moja ni nusu kwa nusu, ni mara moja katika 16. Yaani katika kila dola inayowekwa, kampuni inabakiwa na senti kama 17. Ukifika mechi kumi, inabakiwa na senti 37. Mkeka ukichanika kwa mechi moja ya mwisho mtu humlaumu golikipa, kumbe sehemu kubwa ya pesa ilikwishaondoka kabla mpira haujaanza.

Sheria ya Kentucky ya mwaka 2023 inaitoza kampuni asilimia 14.25 ya mapato yake ya mtandaoni, na sehemu kubwa ya kodi hiyo huenda kwenye mfuko wa pensheni wa jimbo. Kwa hiyo kuna mwalimu mstaafu mahali fulani Kentucky ambaye nimemchangia, na sina kinyongo naye.

Sasa farasi. Mimi nimekulia Tanga, ambako sikuwahi kumwona farasi wa mashindano, na nilianza kufuatilia mbio hizi kwa sababu tu uwanja wa Churchill Downs, wenye minara yake miwili, uko katika mji ninaoishi, na Kentucky Derby imekuwa ikikimbiwa hapo kila mwaka tangu 1875. Kwenye programu ya farasi hakuna mtu anayekupangia odi. Madau yote ya farasi wa kushinda huingia katika kapu moja, uwanja unakata sehemu yake, na kinachobaki wanagawana waliompata mshindi. Churchill Downs hukata asilimia 17.5 katika madau ya mshindi, ya mbili bora na ya tatu bora, na asilimia 22 katika madau ya kubashiri farasi kadhaa kwa mpangilio wao. Tuseme kapu lina dola 100,000. Zikikatwa 17,500, zinabaki 82,500. Kama farasi aliyeshinda alikuwa amewekewa dola 10,000, kila dola inalipwa 8.25, na tiketi ya dola mbili inalipwa 16.50. Angalia sasa makato hayo ya asilimia 17.5 na uyalinganishe na yale ya mkeka wa mechi nne. Yanakaribiana sana, isipokuwa huku yameandikwa hadharani na kule unapaswa kuyachimbua mwenyewe kwa kikokotoo.

Kuna jambo jingine dogo linaloipa Kentucky sifa. Zamani malipo ya farasi yalishushwa hadi senti kumi kwa kila dola, na chenji ikabaki uwanjani. Tangu sheria ya mwaka 2022, jimbo hili hulipa hadi senti ya mwisho. Kwa farasi anayependwa na wengi tofauti inaonekana: tiketi ya dola mbili inayostahili 2.38 ingelipwa 2.20 kwa utaratibu wa zamani.

Derby yangu ya kwanza yenye dau ilikuwa ya 150, tarehe 4 Mei 2024. Nilimwekea dola 20 za kushinda farasi wa Kijapani, Forever Young, ambaye hadi siku hiyo alikuwa hajashindwa hata mara moja. Farasi ishirini walitoka langoni, wakakimbia kilomita mbili kwa zaidi kidogo ya dakika mbili, na watatu wakafika mstarini kwa pamoja kiasi kwamba ilibidi picha isomwe. Sebuleni kwangu hakuna aliyekaa kitini. Aliyeshinda kwa pua, yaani kwa tofauti ndogo kabisa, alikuwa Mystik Dan, wa pili Sierra Leone, na Forever Young akawa wa tatu kwa pua nyingine. Tiketi ya dola mbili ya Mystik Dan ililipa dola 39.22. Mimi sikupata kitu, na ningepata walau kidogo kama ningeweka dau la tatu bora. Programu, lakini, siku hiyo ya msongamano mkubwa kuliko zote za mwaka, haikukwama hata mara moja, na picha ya video haikukatika.

Udhaifu wake niliuona baadaye, katika mbio za Jumatano mchana ambazo hakuna mtu anayezikumbuka. Zikiwa zimebaki dakika mbili nilimwekea dola 20 farasi aliyeonyeshwa kuwa tisa kwa moja (faida ya dola tisa kwa kila dola moja), nikijipigia hesabu ya dola 200. Farasi akashinda. Nikalipwa dola 120, kwa sababu lango lilipofunguka tayari alikuwa ameshuka hadi tano kwa moja. Sikuibiwa. Ndivyo kapu linavyofanya kazi: bei ya mwisho ni ile inayopatikana madau yote yakishahesabiwa, na wako wabashiri wakubwa wanaotumia kompyuta kumwaga pesa nyingi katika sekunde za mwisho. Ila mtu aliyezoea michezo, ambako odi ukishaikubali ni yako hata ikibadilika baadaye, ataona amedhulumiwa, na programu haimwonyi kwa maneno yanayoeleweka.

Kwa upande wa kutoa pesa, zote mbili ni za polepole kwa mtu aliyezoea kulipwa kwa simu nyumbani kabla hajamaliza kunywa chai. Kupeleka pesa benki kulinichukua siku mbili hadi nne, na kila mara kiasi kilikuwa sahihi. Ushindi huo ni mapato yanayotakiwa kutajwa kwenye fomu ya kodi, na programu zote mbili zinatoa taarifa ya mwaka ya kila ulichoweka na kila ulichopata. Taarifa yangu ya 2024 nilimwonyesha mke wangu kwa hiari yangu. Mama, nikimsimulia kwa simu tofauti ya mkeka na kapu, husema zote ni kamari, na sina hoja ya kumpinga.

Kilichonifanya nichague ni taarifa hiyo ya 2024. Kwenye michezo nilikuwa nimepoteza zaidi ya mara tatu ya nilichopoteza kwenye farasi, karibu yote kwenye mikeka, na mingi niliitengeneza alfajiri nikitoka zamu, macho yakiwa mazito. Mbio za farasi zina saa zake na mwisho wake, lakini programu ya michezo saa tisa usiku inakuletea tenisi ya nchi ambayo hujawahi kuifikiria. Zote mbili zinakuruhusu kujiwekea ukomo wa amana (pesa unazoingiza kwenye akaunti), kupumzika au kujifungia kabisa, na namba ya msaada 1-800-GAMBLER ipo chini ya kila ukurasa. Niliijaribu huduma ya kujifungia kwenye akaunti ya michezo mwezi Februari. Ilichukua dakika tano, dakika chache sana ukilinganisha na siku nne za kufungua, na tangu hapo hawajanitumia ujumbe hata mmoja.

Nimebaki na farasi, kwa ukomo wa dola 40 kwa mwezi. Niliwaandikia kuomba wawe wanaonyesha, kando ya kila tiketi, odi ya wakati wa kuweka dau na odi ya mwisho. Walinijibu siku ya pili, kwa adabu, kwamba odi rasmi ni ya mwisho pekee. Sasa ninapiga picha ya skrini kila ninapoweka dau, na katika tiketi zangu kumi na moja za msimu huu wa vuli, saba zimeshuka.