Amouage Gold: marashi yaliyoagizwa na Sultani, je, yanastahili bei yake?

Nianze na jibu, maana najua wengi mnaoniuliza mnataka hilo tu. Ndiyo, Gold ya kike, ya kampuni ya marashi ya Oman iitwayo Amouage, inastahili fedha yake, kwa mtu anayependa manukato mazito ya kikwetu. Lakini haistahili kwa sababu tu imetoka kwa Sultani Qaboos wa Oman. Inastahili kwa namna alivyoiagiza, na hapo ndipo penye mazungumzo. Kila nikikaa na wanawake wenzangu hapa Maskat nasikia "haya ni marashi ya wafalme", na mtu akishasema hivyo anaona hakuna tena la kuuliza.

Mimi harufu ndiyo kazi yangu. Nimezaliwa Unguja, nimelelewa na shangazi aliyekuwa akipika udi wa sukari kwa ajili ya maharusi, na kazi hiyo naifanya mpaka leo nyumbani kwangu huku Oman. Najua vijiti vya udi vinagharimu kiasi gani kabla havijatiwa chochote, na najua jinsi muuzaji anavyoweza kuficha mafuta hafifu nyuma ya chupa nzuri. Kwa hiyo chupa hii niliinusa kwa macho ya mfanyabiashara.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka 1983, Sultani Qaboos alikuwa ameshatawala miaka 13. Alitaka Oman iwe na marashi yake yenyewe, yanayoweza kukaa meza moja na ya Paris, ya kutunukiwa wageni wakubwa wa nchi. Kazi akakabidhiwa Sayyid Hamad bin Hamoud Al Busaidi, wa ukoo uleule wa Al Busaid uliotawala Maskat na Unguja. Akatafutwa Guy Robert, mtunzi wa manukato Mfaransa ambaye tayari alikuwa na jina kwa marashi ya Madame Rochas na Calèche ya Hermès. Akaachiwa uhuru ambao watunzi wa manukato hawaupati: aunge anachotaka, gharama isimzuie. Akapewa na ubani wa Dhofar, kusini mwa Oman, ule wa daraja la juu, mweupe unaoelekea rangi ya fedha. Chupa za mwanzo zikatengenezwa na masonara Asprey wa London, za fedha iliyopakwa dhahabu.

Kwa mtu wa pwani, zawadi ya namna hii haihitaji kuelezwa. Mgeni wetu hunyunyiziwa mawaridi kwa mrashi, akikaribia kuondoka huletewa chetezo, na Waarabu wa huku wana msemo kwamba baada ya udi hakuna kukaa. Sultani alichukua adabu ya sebuleni akaifanya heshima ya dola. Nadhani ndiyo maana jina hili lilishika haraka kuliko kama lingekuwa limeanzia kwenye tangazo.

Sasa harufu. Ukiinyunyiza tu, inapanda kwa ukali: ni zile kemikali za aldehaidi, zinazotumika sana kwenye manukato ya zamani ya Kifaransa, na wengi huirudisha chupa mezani hapohapo wakisema ni ya wazee. Msiwe na haraka. Baada ya robo saa mwaridi na asmini hufunguka, asmini nene ya usiku, si ile ya sabuni. Ubani na manemane huja polepole kutoka chini. Siku moja shangazi alikuwa amekuja kututembelea, nikampulizia kwenye kiganja. Alinyamaza, akanusa, akanusa tena, kisha akasema, "Hii imetiwa zabadi, mwanangu. Ya mnyama au ya kutengeneza sijui, lakini wameitia." Hakuwa amesoma popote. Zabadi, ile harufu itokayo kwa mnyama fungo, ndiyo inayoipa Gold ule uhai wa mwili, ule ambao mafuta ya bei nafuu hayana. Mwisho wake ni msandali, miski na ambari, na huo unakaa kwenye nguo hadi kesho yake. Nimeipaka jioni kwenye buibui, asubuhi bado ipo.

Ubaya wake: joto. Mwezi wa Julai huku, mchana, ni nzito mno, na kwenye gari lililofungwa vioo unaweza kumkera mwenzio. Hii ni ya usiku, ya harusi na ya Idi.

Nirudi kwa wafalme. Uingereza wana utaratibu wao: mfalme hutoa hati kwa maduka yanayoihudumia nyumba yake, na duka likaruhusiwa kuweka nembo ya kifalme juu ya mlango na kwenye bidhaa. Hao Asprey walipata yao kwa Malkia Victoria mwaka 1862. Sharti ni kuwa umeuza bidhaa ikulu kwa miaka isiyopungua mitano, hati hukaguliwa tena baada ya muda, na aliyeitoa akifariki, nembo huondolewa ndani ya miaka miwili isipokuwa mrithi atoe upya. Watu huichukulia kama muhuri wa ubora, na bei hupanda kwa imani hiyo. Lakini ukiitazama kwa makini, hati inathibitisha jambo moja: kwamba bidhaa hii ilifika ikulu na ikalipiwa. Haisemi ilitengenezwa vizuri zaidi kwa ajili hiyo.

Tazama Cadbury. Walikuwa na hati tangu 1854, na Desemba 2024 wakakosekana kwenye orodha ya Mfalme Charles. Chokoleti haikubadilika ladha usiku ule. Tazama Harrods, duka kubwa la London. Mwaka 2000 Prince Philip, mume wa Malkia Elizabeth, ambaye naye alikuwa akitoa hati, aliondoa yake, na mwenye duka Mohamed Al-Fayed akazing'oa nembo zote za kifalme dukani, baadaye akasema alizichoma moto. Mwaka 2010 akaliuza duka kwa mfuko wa uwekezaji wa Qatar, na ikaripotiwa bei ilikuwa karibu pauni bilioni 1.5. Nembo ilikwisha kitambo, thamani ikabaki, kwa kuwa watu walikuwa wameshalizoea jina.

Kwa Gold mambo yalikuwa mengine kabisa. Neno la Sultani liliingia ndani ya chupa. Bila yeye, hakuna mtunzi ambaye angeruhusiwa kuunga kwa mkono mkunjufu vile, na hakuna mtu Paris aliyekuwa akifikiria ubani wa Dhofar kuwa kiini cha marashi ya kifahari. Ndiyo maana nasema mteja aulize kila anapooneshwa taji kwenye chupa: huyu mfalme alibadilisha nini humu ndani? Kama jibu ni "aliyatumia tu", punguza bei kichwani mwako kabla hujatoa pochi.

Na kwa kipimo hichohicho, si kila kitu cha Amouage kinarithi sifa ya Gold. Kampuni ilikua, kuanzia 2007 hadi 2019 ikaongozwa kiubunifu na Christopher Chong, ikaanza kuuza duniani kote. Interlude ya kiume naipenda kwa ujasiri wake, moshi na ubani kama chetezo kilichosahauliwa makaa yakiwaka, lakini ni kazi ya msanii wa soko la dunia, haikuagizwa na ikulu. Ihukumu kwa pua yako. Sultani Qaboos alifariki Januari 2020, na sikuona watu wakiiacha Amouage. Hilo linaniambia kuwa nyumba hii imeshasimama kwa miguu yake.

Bei ya chupa kubwa inazidi rial 100 za Oman, yaani zaidi ya dola 260. Ni fedha nyingi, na jina la kifalme limewavutia matapeli pia. Jirani yangu aliuziwa "Gold" kwa bei ya chini katika duka moja la mtaani. Tulipoziweka mbili sambamba, kifuniko cha ile bandia kilisukumwa kwa nguvu, wakati cha kweli hushikwa na sumaku, kinajivuta chenyewe na kulia kidogo kikikaa. Umbo pia liangalieni: kifuniko cha kike kinafuata kuba la msikiti, cha kiume kinafuata mpini wa hanjari, lile jambia la Kiomani. Ile bandia ilikuwa na kuba lililopinda. Ndani mlikuwa na spiriti na waridi la dukani, basi.

Ukipita Maskat, kiwanda kina kituo cha wageni upande wa barabara ya Nizwa, na wanaonesha chupa zikifungwa kwa mikono. Nenda asubuhi, pua ikiwa haijachoka, tena usijipake chochote kabla. Omba wakupulizie mkono mmoja Gold ya kike, mwingine ya kiume, kisha toka nje, zunguka, kunywa kahawa, rudi baadaye. Ya kiume ni kavu zaidi, maua yake yamebanwa. Mimi nilichagua ya kike, na ukiwa na fedha ya chupa moja tu ningekushauri uichukue hiyohiyo hata kama unamnunulia mumeo. Huku Ghuba mwanamume kunukia waridi na asmini si ajabu.