Kupima nguzo za msingi kwa joto la zege: uzoefu wangu Upanga

Nasimamia ujenzi wa ghorofa Upanga, Dar es Salaam, ambako ukichimba kidogo tu unakutana na mchanga na maji. Msingi wetu ni wa paili: unatoboa shimo refu, unashusha nondo zilizofungwa, unamwaga zege. Ukishamwaga, huoni kitu tena. Ndiyo maana nilimshawishi mwenye jengo tulipie huduma ya kupima kwa joto, na naisifu bila kusita.

Saruji ikichanganyika na maji hutoa joto. Penye zege lingi hupata joto zaidi. Penye zege pungufu, au palipoingia udongo, hupoa. Kabla ya kushusha nondo, wapimaji walifunga kwenye nondo hizo nyaya nne zenye vihisio vya joto kila sentimita 30, wakaziunganisha nyaya na kisanduku kinachorekodi kila dakika 15. Paili zetu zina kipenyo cha sentimita 80, na kesho yake majibu yalikuwa mezani. Kipimo cha mawimbi ya sauti tulichozoea husubiri zege likomae siku kadhaa, tena kinaona kati ya mabomba yake tu, yanayofungwa upande wa ndani wa nondo. Joto linakuonyesha hata zege la nje, lile linalozikinga nondo na kutu. Kwa sisi wa pwani, hilo peke yake linatosha kulipia.

Paili moja ilinitia wasiwasi. Mita tatu hivi kwenda chini, joto la waya mmoja lilishuka ghafla. Kama nondo zingekuwa zimeegemea upande, waya wa mkabala ungepanda joto. Haukupanda. Tukachimba pembeni: mchanga ulikuwa umebomokea ndani, nondo mbili ziko wazi, unazigusa kwa kidole. Mkandarasi akasafisha na kurekebisha kabla hatujaendelea juu.

Mapungufu yapo. Waya ukikatika wakati wa kushusha nondo, sehemu ya chini ya mkato umeikosa. Nguvu ya zege haipimwi hapa, kwa hiyo sampuli za maabara ziko palepale. Na lazima uandike kwa uaminifu ni zege kiasi gani limeingia kila shimo, kwani hesabu ya wapimaji inategemea hapo.

Mradi unaofuata nimeomba huduma hii iingizwe kwenye zabuni tangu mwanzo. Zege likishamwagwa bila nyaya, nafasi imepita, na mkandarasi akiambiwa katikati ya kazi anadai nyongeza.