Gereji za bodi na umeme wa malori Unguja: kazi nzuri, lakini msimamie fundi

Tipa likikwaruza ubavu machimboni, au Fuso likivunja taa ya nyuma likirudi kinyumenyume bandarini Malindi, mara nyingi linaishia kwenye gereji za nje ya Mji, ambako mnyooshaji bodi, fundi umeme na mchomeleaji wako pamoja. Kwa uharibifu mdogo tunaipa huduma hii alama nzuri. Kazi huanza siku hiyo hiyo, bei inazungumzika, na bampa la chuma lililojikunja hurudi limenyooka. Pa kumsimamia fundi ni kwenye umeme, puti (ule uji mzito wa kujazia mabonde ya bodi) na moto wa kuchomelea.

Tuanze na umeme, maana ndio unaokosewa zaidi. Malori mengi makubwa hutumia volti 24, na glopu ya volti 12 ina kitako kile kile, kwa hiyo inaingia vizuri kisha inaungua papo hapo. Soma maandishi ya kwenye kitako kabla ya kulipa. Ya breki au indiketa huwa wati 21. Ile ya nyuzi mbili, 21/5, ina pini zisizolingana kimo. Ikigoma kuingia, igeuze, usiilazimishe.

Ukiwasha indiketa na taa ya pakini nayo ikacheza, kwa kawaida tatizo ni waya wa hasi uliokamatwa na kutu pale ulipofungwa kwenye chasisi. Wapo mafundi wanaobadilisha glopu mara tatu kabla hawajauangalia. Mwambie afungue bolti, akwangue kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae, akaze, kisha apake grisi juu. Na waya uliokatika usikubali usokotwe na kuzungushiwa tepu tu. Kwa hewa yetu ya chumvi, shaba huota kijani ndani ya tepu na taa huanza kuzimika mvua ikinyesha. Dai lehemu, na juu yake mpira unaosinyaa kwa moto.

Kwenye bodi, mikono yao ni mizuri kweli. Kinachoharibu ni haraka. Bonde kubwa linajazwa puti badala ya kugongwa kwanza, na puti ikizidi milimita tatu hivi hupasuka lori likianza kutikisika barabara ya vumbi. Hadina, dawa inayochanganywa ili puti ikauke, ni kama asilimia mbili ya uzito wa puti. Ikizidi hukauka haraka na kuwa dhaifu. Kutu iondolewe yote kabla ya kupaka chochote. Halafu puti hunyonya maji, kwa hiyo gari lisilale nje masika likiwa na puti tupu. Praima, yaani rangi ya chini, ipigwe siku hiyo hiyo, na rangi isicheleweshwe, la sivyo malengelenge yatatokea baadaye hata kama rangi ni ghali.

Kuchomelea madigadi au ngazi ya kupandia hakuna ubaya, ila betri ifunguliwe vichwa vyote viwili na kamba ya hasi ya mashine ibanwe karibu kabisa na panapochomelewa. Ikibanwa mbali, umeme hupita kwenye beringi au kompyuta ya gari na kuviharibu. Kingo za juu na chini za chasisi zisitobolewe wala kuchomelewa. Jani la springi lililopasuka libadilishwe, na sentabolti, ile inayoshika majani pamoja katikati, ikaguliwe. Fundi akisema atalichomelea, ondoka na gari lako, kwa sababu moto huua ugumu wa chuma kile na kitakatika tena, pengine na mzigo juu.

Upande wa kampuni, kinachotuudhi ni desturi ya kumkata dereva mshahara kwa kila mchubuko. Dereva wa namna hiyo ataficha taa iliyovunjika na kuunga waya mwenyewe gizani. Kampuni zinazofanya vizuri zina daftari: dereva na utingo wanazunguka gari kabla ya kutoka na baada ya kurudi, wanapiga picha pande nne, wanaandika kifaa kilichoharibika, nani amekitengeneza na spea gani imefungwa. Mchubuko na bonde vinasubiri mwisho wa wiki. Taa ya breki, kioo cha pembeni, nati ya tairi iliyolegea, tairi lililochanika mpaka nyuzi na hosi ya upepo wa breki inayovuja havisubiri. Uvujaji hupatikana kwa povu la sabuni, injini ikiwa imezimwa na mitungi imejaa upepo. Bomba la upepo la nailoni likatwe kwa kisu kikali, mkato ulionyooka usio wa mshazari, na kuungwa kwa kiungio chake. Kufungia mpira wa tyubu ni kucheza na breki.

Tairi likishafunguliwa, nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Kutoka Mjini hadi Nungwi ni kama 60, basi zikazwe huko huko mzigo ukishashushwa.

Wenye magari Pemba wana shida zaidi ya spea, kwa kuwa nyingi husubiri chombo kutoka Unguja au Dar es Salaam. Kwao tunashauri ghala dogo: glopu za volti 24 za kila aina, lenzi za taa za nyuma, fyuzi, kioo cha pembeni cha kila aina ya gari, viungio na mita chache za bomba la upepo. Gari lililokwama Mkoani, Pemba, kwa kukosa kiungio kimoja linapoteza pesa nyingi kuliko ghala zima.