TAHADHARI: Muuza miche ya haibiskasi hapa Columbus ni tapeli

Jamani, nina hasira mpaka mikono inatetemeka. Yule kaka wa miche anayepaki pikapu pale sokoni kila Jumamosi, msimpe hata senti.

Mei mwaka jana nilimweleza waziwazi: kaka, nataka haibiskasi ya kustahimili theluji, ile inayokaa nje mwaka mzima. Mliokuja kwenye arobaini ya mama mnajua kwa nini nilitaka maua hayo mbele ya mlango. Akasema, "Dada yangu, umefika." Akashusha vyungu vitatu vimejaa maua mekundu, makubwa kama visahani, majani yanang'aa. Akageuza kibandiko nikisome: Hibiscus syriacus. Akaniambia ndilo ua la taifa la Korea Kusini, na huko baridi yao si mchezo. Hilo ni kweli kabisa! Kibandiko kipo, Kiswahili chake cha nyumbani, anamuuliza mwanangu habari za shule. Ningemshuku kwa lipi? Nikamrushia dola 135 palepale.

Baridi ya kwanza ya kugandisha, majani yote yakawa meusi. Nikampigia. "Subiri dada, hii hupukutisha majani, tena huchelewa kuchipua, mpaka Mei hivi." Nayo ni kweli kwa ile halisi, hapo ndipo aliponimaliza. Nikasubiri. Juni nikakwangua gome kwa ukucha: kahawia, kavu, mpaka shinani. Kumbe aliniuzia haibiskasi ya nchi za joto, ileile tunayopanda kuzungushia nyumba kule Tanga! Kumpigia tena, kanifungia namba. Na Jumamosi iliyopita yuko palepale, anamshikisha mama mwingine maua mekundu.

Huyu asiachwe. Afukuzwe sokoni, arudishe hela za watu, ashtakiwe. Ohio muuza miche anatakiwa awe na leseni ya Idara ya Kilimo ya jimbo. Aulizwe yake iko wapi! Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo inapokea malalamiko ya wateja, mimi langu nimeshapeleka.

Ile halisi haina nyekundu kali wala njano. Ni nyeupe, waridi au zambarau, haichanui Mei bali kuanzia Julai, na jani lake halina mng'ao, lina ncha tatu. Aliyenunua kwake anitumie picha na ushahidi wa malipo faraghani. Jumatatu naenda kwa uongozi wa soko, na sitaki kwenda peke yangu.