Neocities: shairi linakaa jinsi nilivyolipanga

Anayeandika mashairi ya vina na kuyaweka kwenye mitandao ya kijamii anaijua adha hii. Umeupanga ubeti wako, ukwapi (kipande cha kwanza cha mshororo) kushoto, utao (kipande cha pili) kulia, vina vya kati vimenyooka kutoka mshororo wa kwanza hadi kibwagizo. Unabonyeza kutuma, kila kitu kinavurugika. Nafasi zimefutwa, mistari imekatika popote skrini ilipoishia, na msomaji wa simu anaona aya ya nathari iliyojaa alama za mkato. Saa chache baadaye shairi limefukiwa na video, na ukilitafuta wewe mwenyewe unachoka kabla hujalipata.

Kwa hiyo nilihamia Neocities, na kazi zangu zote sasa ziko huko. Ni huduma ya kuhifadhi tovuti iliyoanzishwa na Kyle Drake nchini Marekani mwaka 2013. Jina lake linaikumbuka GeoCities, ambayo tangu 1994 iliwapa watu wengi ukurasa wao wa kwanza kabisa wa intaneti, ikanunuliwa na Yahoo mwaka 1999, na mwaka 2009 ikafungwa. Ukifungua akaunti ya bure unapata anwani yenye jina ulilochagua, likifuatiwa na neocities.org, pamoja na nafasi ya gigabaiti 1. Hakuna tangazo hata moja linalobandikwa juu ya kazi yako. Kwa mtu wa maandishi gigabaiti 1 ni kubwa mno: diwani nzima nzima zinaingia na nafasi inabaki tele.

Usitarajie kuchagua sura iliyokwisha kutengenezwa, kama ilivyo kwenye huduma nyingi za kujenga tovuti. Hapa unapewa faili chache tu za kuanzia, kubwa zikiwa index.html na style.css, na kihariri kilicho ndani ya kivinjari. Lazima ujifunze kidogo HTML, lugha ya kuandikia kurasa za intaneti, na CSS, lugha ya kuzipa mwonekano. Najua wapo watakaokimbia kwa kusoma hilo tu, lakini naomba wasikimbie, kwa sababu raha yote ya mahali hapa inaanzia hapo.

Chukua ule ubeti ulioharibika. Kivinjari kikisoma HTML hubana nafasi zote zinazofuatana zikawa moja, hivyo huwezi kupanga vina kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mpaka vikae sawa. Nilichofanya ni kukiweka kila kipande cha mshororo kwenye kisanduku chake, kisha ndani ya style.css nikaandika display: grid na kuagiza safu wima mbili. Mshororo kama huu,

Kalamu haina kwao, ila penye karatasi

una mizani nane kila upande, lakini urefu wake kwa herufi haulingani na wa mishororo iliyo chini yake. Safu zikishawekwa, utao wote unaanzia mahali pamoja. Halafu nikaelekeza maandishi ya ukwapi yaegemee kulia, na hapo vina vya kati vikasimama wima, silabi chini ya silabi, jicho likaviona hata kabla ya mtu kusoma kwa sauti. Nikitaka kuandika ukawafi wenye vipande vitatu, naongeza safu ya tatu kwa ajili ya mwandamo. Kwa skrini nyembamba za simu nimeagiza herufi zipungue badala ya mshororo kukatika. Huo ni uamuzi wangu. Mwingine angeona afadhali utao ushuke chini ya ukwapi, naye ana haki kwenye ukurasa wake.

Na kila ukurasa naandika mwanzoni lang="sw", ili kivinjari, na hata programu zinazowasomea wasioona, zijue kwamba haya maneno ni Kiswahili. Ni kitu kidogo, lakini nakithamini sana. Hakuna mtandao wa kijamii uliowahi kuniuliza shairi langu ni la lugha gani.

Rangi, aina ya herufi, upana wa pambizo, mashairi yapangwe kwa mwaka au kwa bahari (yaani aina ya shairi), yote unaamua mwenyewe. Ukizunguka kwenye sehemu ya kuvinjari tovuti za wenzako unaona jinsi watu walivyouchukua uhuru huo: wachoraji, waandishi, wapenzi wa michezo ya zamani ya kompyuta, wengine na nyota zinazometameta nyuma ya maandishi. Wengi huwekeana vitufe vya picha vya pikseli 88 kwa 31, desturi ya miaka ya tisini, kila kimoja kikiwa kiungo cha kwenda kwa jirani. Baadhi ya kurasa zinaumiza macho kweli, lakini hakuna mbili zinazofanana.

Wasomaji ni wachache, lazima niseme wazi. Hakuna algoriti ya kukusukumia watu. Wanakuja kwa kufuata viungo, kwa kukuta tovuti yako wakivinjari, au kwa sababu umewatumia anwani. Anayetafuta umaarufu wa haraka atakata tamaa hapa. Mimi nafurahi kwamba anayefika anakuta shairi la zamani na la jana yote yako wazi, na anasoma kwa utaratibu anaoutaka.

Kuna mipaka mingine. Maelekezo ya huduma yenyewe ni ya Kiingereza. Kurasa ni tuli, maana yake seva haikuendeshei hifadhidata wala programu. Ukitaka duka au mfumo wa wanachama, tafuta kwingine. Kinachonigusa zaidi ni sauti: akaunti ya bure haipokei faili za mp3, na ushairi wetu ni wa kughaniwa. Anayetaka kuweka sauti yake huko atalipa ada ya kila mwezi, ambayo pia inamruhusu kutumia kikoa chake mwenyewe, yaani anwani isiyo na neocities.org. Kwa mghani, nashauri alipe.

Jambo la mwisho linahusu usalama wa kazi. GeoCities ilipofungwa, wanahifadhi wa kujitolea waliokoa kurasa nyingi, lakini si zote. Neocities ina kiungo cha kupakua tovuti yako nzima kwa mara moja, na nawasihi mkitumie kila mnapoongeza kazi mpya. Kilichomo ni faili za kawaida: zinafunguka kwenye kompyuta yako bila intaneti, na seva nyingine yoyote ya kurasa tuli itazipokea bila wewe kubadilisha mstari.