Uchambuzi wa Kitalu Nyumba cha Uani: Fremu Imara, Madirisha Haba

Karibuni, watazamaji. Kilicho mbele yenu ni kitalu nyumba cha kujiunganishia mwenyewe, chenye upana wa mita 2, urefu wa mita 3 na kimo cha mita 2. Seti yake ina mabomba ya chuma, viungo vya plastiki, nailoni yenye mlango wa zipu na madirisha mawili ya neti. Hukumu yangu naitanguliza: fremu ni imara na nailoni inaridhisha, lakini madirisha ni haba mno, na asiyeyaongeza atakuwa amejinunulia tanuri.

Kuhusu kuunganisha sina mengi, kwa kuwa mabomba yana namba na yanaingiana bila taabu. Kabla ya kukaza bolti, pimeni mshazari wa sakafu kutoka kona hadi kona. Kila mmoja ukitimia takriban mita 3 na sentimita 61, pembe zenu ziko sawa na nailoni haitavutwa upande. Ukingo wa nailoni ufukieni kwenye mtaro, maana vigingi vilivyomo ndani ya boksi ni vyembamba na upepo mkali hautavistahi.

Sasa tufike kwenye madirisha. Nimeweka futi hapa mbele ya kamera: kila dirisha ni sentimita 40 kwa 40, kwa hiyo yote mawili yanatupatia mita za mraba 0.32 kwa sakafu ya mita za mraba 6, yaani kiasi cha asilimia 5 tu. Kanuni inayotumiwa sana na wajenzi wa vitalu ni kwamba matundu ya paa peke yake yafikie asilimia 15 hadi 20 ya eneo la sakafu, na seti hii haina tundu hata moja la paa. Tena neti yenyewe, ambayo ni laini ili kuzuia wadudu, hupunguza upepo unaopita.

Hewa ya moto hupanda, ikakosa pa kutokea, ikajikusanya juu na kushuka kidogo kidogo hadi kwenye majani; na kwa kuwa kitalu kidogo kina hewa chache, joto lake hupanda upesi kuliko la kitalu kikubwa. Anayelima nyanya huenda asigundue mara moja, kwani majani hubaki ya kijani na mmea hurefuka vizuri, ila joto la mchana likizidi nyuzi 32 hadi 35 za Sentigredi chavua hudhoofika na maua huanza kupukutika bila kutunga matunda.

Dawa yake ni kufungua juu na chini kwa pamoja. Mimi ningeacha sehemu ya nailoni ya pande mbili ndefu iweze kukunjwa kwenye bomba, kuanzia karibu na ardhi, kisha ningekata tundu refu kwenye mgongo wa paa na kulifunika kwa kipande kinachonyanyuka. Anayeshinda kazini anaweza kufunga kifungulio cha nta: ndani ya silinda mna nta inayotanuka ikipata joto na kusukuma pistoni, hivyo kipande hunyanyuka bila umeme. Kasoro yake ni kwamba kinakwenda polepole. Jua likichomoza ghafla kutoka mawinguni, joto hukitangulia.

Neti ya kivuli inayozuia asilimia 30 hadi 50 ya mwanga inasaidia sana, mradi itandikwe nje, juu ya nailoni, na ikiwezekana iachiwe nafasi ya hewa. Ikiwekwa ndani, miale huwa imekwisha kuingia, na neti yenyewe hupata moto na kuutoa humo humo. Siku za mawingu iondoeni, la sivyo miche itarefuka na kunyong'onyea kwa kutafuta mwanga.

Wengi humwagia sakafu maji, na si kosa. Lita moja ikiyeyuka yote kuwa mvuke hubeba joto linalokaribia lile ambalo jua kali la adhuhuri humwaga juu ya sakafu hii kwa dakika 6 au 7. Lakini mvuke huo lazima upate pa kutokea; hewa ikiwa imekwisha kujaa unyevu, maji hayayeyuki tena kwa urahisi, na mnachopata ni majani yaliyolowa na ukungu.

Kipimajoto kinachokuja na seti kining'inizeni kwenye kimo cha mimea, ndani ya kivuli cha kipande cha mbao, kwa sababu kikipigwa na jua moja kwa moja kitasoma joto lake chenyewe badala ya joto la hewa.