Vidonge vya "kurudisha ujana" vya Kariakoo: nimemaliza kopo zima

Mimi ni fundi injini eneo la Gerezani, Dar es Salaam, miaka 62. Magoti yananisumbua, na siku hizi naweza kushika spana namba 14 nikasahau nilitaka kufungua nini. Kwa hiyo kijana wa duka moja upande wa mtaa wa Kongo aliponiita, "Mzee wangu, njoo nikurudishe ujanani," nilisimama. Kopo sh 65,000, vidonge 60, kimoja asubuhi kimoja jioni. Tukavutana hadi 58,000. Jina la bidhaa na la duka siyataji, sitafuti kesi.

Mazuri yake kwanza. Lakiri haikuwa imeguswa, tarehe ya kuisha inasomeka bila miwani, na kiasi kimeandikwa: resveratroli, kemikali inayopatikana kwenye maganda ya zabibu, miligramu 250. Kidonge hakinuki wala hakikwami kooni. Siku tatu za mwanzo niliharisha, kisha tumbo likatulia. Magoti ni yale yale. Kusahau ni kule kule. Wiki ya tatu nilifunga sampu ya Noah ya watu nikaacha kitambaa ndani, ikabidi nishushe oili yote upya.

Sasa niseme kilichonifanya nitoe hela. Kijana aliniambia, "Imethibitishwa kwa panya, waliishi zaidi." Na ndani ya kopo mna kikaratasi: hutoa sumu na madini ya risasi mwilini kwa siku 30.

La panya nilimpelekea binti yangu anayesomea mambo ya maabara. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Baba, hajakudanganya. Amekata sentensi katikati." Jaribio lipo, la Marekani, mwaka 2006. Walichukua panya madume wa mwaka mmoja, ambao kwa umri wa panya ni watu wazima, wakawalisha chakula ambacho asilimia 60 ya nguvu yake ni mafuta matupu. Wakafura. Waliochanganyiwa resveratroli wakawa wanakufa kidogo kuliko wanene wenzao. Hapo ndipo kijana wa dukani anaponyamaza. Mwaka 2008 yakatoka matokeo ya panya waliokula chakula cha kawaida: hawakuongezewa maisha. Baadaye mpango wa serikali ya Marekani unaojaribu dawa za uzee kwenye maabara tatu kwa mpigo, Maine, Michigan na Texas, nao ukaipima, ikashindwa. Mojawapo ya zilizofaulu huko ni rapamaisini, wanayopewa watu waliopandikizwa figo. Iliwaongezea panya maisha hata walipoanza kuila wakiwa na siku 600. Nikamuuliza inauzwa wapi. Akanikazia macho. "Baba, ile inashusha kinga ya mwili."

Mimi nimelielewa hivi: taksi ukiibebesha saruji kila siku, ukiiongezea majani ya springi itadumu kidogo. Lakini usiniambie majani hayo hayo yatarefusha maisha ya gari linalobeba mtu mmoja kwenda Posta na kurudi.

Hilo la risasi ndilo lililoniuma zaidi, maana linanihusu. Nimeanza gereji mwaka 1982. Petroli tulikuwa tunaivuta kwa mpira, kwa mdomo, kabureta tunaosha kwa mikono mitupu, na petroli ya siku hizo ilikuwa na risasi. Nchi zetu hizi za kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia 2006. Binti akanieleza kwamba risasi hujificha kwenye mifupa kwa miongo, na mifupa inapoanza kupungua uzeeni, hurudi kwenye damu. Tena wapo nyani waliopewa risasi tangu kuzaliwa hadi siku 400, wakaachwa wakue. Bongo zao zilipochunguzwa wakiwa na miaka 23 zilikutwa na dalili zinazofanana na za Alzheimer, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni. Nilikaa kimya muda mrefu, nikiwaza ile spana namba 14.

Kwa hiyo mtu anaponiandikia "siku 30", nashangaa. Kitu kilichoingia mfupani miaka arobaini iliyopita kinaondolewa na kidonge cha asubuhi na jioni? Mtu mwenye risasi nyingi hupimwa damu, daktari akiona haja anampa dawa yake maalumu, na hata hiyo haikwangui mfupa ukabaki mweupe. Angalau wangeandika "virutubisho" wakaishia hapo, ningewapa nyota tatu. Kwa kikaratasi kile nawapa moja, nayo ni ya lakiri.

Nilirudi dukani na kopo tupu. Kijana hakubabaika hata kidogo.

"Mzee wangu, dozi kamili ni makopo matatu. Halafu ulikuwa unameza na maji gani?"

"Ya kawaida."

"Ona sasa. Ya uvuguvugu!"